Rahisi kwa Nani?

Lipo neno linalonikera kila nilisikiapo hapa Malindi: "Huku maisha ni rahisi." Husemwa na mzee wa Kiitaliano au Kiingereza aliyekuja kumalizia uzee wake pwani kwa pensheni ambayo kwao haitoshi. Simchukii, wengine ni majirani wema. Lakini urahisi huo watoka wapi? Watoka katika ujira wa mpishi wake, mtunza bustani wake na askari wake wa usiku: watu watatu kwa fedha ambazo Ulaya zisingetosha kuajiri hata mmoja. Nao hununua unga kwa bei ileile anunuayo yeye. (Mimi, mwalimu mstaafu wa hapahapa, sijapata kuwa na mpishi.)

Tena urahisi wenyewe haudumu. Mwingereza aishiye Kenya haongezewi pensheni ya serikali yake mwaka hadi mwaka kama aliyebaki kwao; kiasi alichoanza nacho huku ndicho hichohicho, bei zikipanda zisipande. Basi siku hesabu itakapomshinda, atakayepunguzwa kwanza si yeye. Ni yule askari wa usiku.