Malori yanapita, Kuluba inabaki na ushuru wa mihogo

Kusema watu wa huku hawataki kuchangia huduma zao si haki. Hapa Kuluba, wilayani Koboko, Uganda, malori ya kwenda Sudan Kusini yanapita mpakani Oraba, lakini ushuru wa forodha unakwenda moja kwa moja Hazina, Kampala. Kaunti ndogo yetu inabakiwa na vijisenti vya sokoni. Mama anatandika gunia chini, anamwaga mihogo mikavu, na kabla hajauza hata kopo moja mkusanya ushuru ameshamsimamia na kitabu cha risiti.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inairuhusu kaunti ndogo kubaki na asilimia 65 ya makusanyo. Sawa, asilimia 65 ya nini? Kodi ya kichwa ilisitishwa 2005, mwaka uleule Koboko ilipotengwa na Arua kuwa wilaya. Kodi ya huduma iliyokuja 2008 inawagusa hasa wenye mishahara, na huku hao ni walimu na wauguzi wachache. Fedha za Kampala nazo, nyingi zinafika zimeshapangiwa kazi. Kisima kikiharibika, diwani anabaki kuandika barua.

Katiba, kifungu cha 193, inataja ruzuku ya usawazishaji kwa wilaya zilizo nyuma. Hiyo ndiyo tuidai kwa sauti. Iongezwe, na igawanywe kwa kutazama mjamzito anatembea umbali gani kufika zahanati, na kwa kuwahesabu pia wakimbizi wa makazi ya Lobule, humu humu Koboko, wanaotibiwa pamoja na wenyeji.