Kama hakuna jaketi, usipande boti hilo

Niambie kitu kimoja, wewe unayesoma hii ukiwa stejini Mitunguu ukingoja matatu ijae: unajua kuogelea? Sisemi ile ya kuruka mtoni ukiwa na miaka tisa na kushika mawe chini. Nasema kuogelea kwa ukweli, mita mia moja, nguo mwilini, viatu miguuni, upepo ukikupiga usoni.

Wengi wetu jibu ni la. Na si aibu. Sisi ni watu wa maji ya mabomba. Maji ya Mitunguu yanatoka mtoni, yanapita chini ya ardhi, yanarushwa hewani juu ya ndizi, basi. Hatukulelewa na ziwa. Hakuna mjomba aliyetuamsha alfajiri kutufundisha kupiga kasia.

Lakini tunashuka huko chini. Hiyo huwezi kunibishia. Weekendi ikifika, au Desemba ikigonga, watu wanachanga doo, wanaingia barabara ya chini inayopita Chiakariga na Ishiara, wanaelekea Embu hadi kwenye mabwawa ya mto Tana. Wengine wanafuata samaki wa kuuza. Wengine wanataka kuvua wenyewe. Wengi wanataka boti, picha, na hadithi ya kusimulia Jumatatu. Mimi sipingi. Kijana akikaa kijijini mwaka mzima bila kutembea atazeeka kabla ya wakati wake. Ninachopinga ni ile tabia ya kuingia botini bila jaketi ya kujiokoa, halafu tukiulizwa tunajibu, "Si tunaenda tu hapo karibu."

Hapo karibu ndipo watu wanakufa.

Tuanze na maji yenyewe. Mabwawa yale tunayaita Seven Forks, lakini yaliyojengwa kwenye ule mpangilio ni matano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yalijengwa kwa ajili ya umeme. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, likijaa linafunika karibu kilomita mraba 120, na kazi yake kuu ni kushikilia maji ya msimu wa mvua ili mengine yaliyo chini yasikauke. Samaki walikuja kama faida ya pembeni. Leo kuna tilapia, kambare, kapu na mikunga, na kuna familia nyingi upande wa Embu, Machakos na Kitui ambazo karo ya watoto inatoka kwenye nyavu.

Sasa elewa jambo hili. Bwawa si ziwa. Ziwa lina ufuo ambao uliteremka polepole kwa maelfu ya miaka. Bwawa ni bonde lililozamishwa juzi tu. Pale unapoona maji yametulia, chini kulikuwa na mteremko, korongo, mawe na miti. Unaweza kusimama maji yakiwa kwenye magoti, ukapiga hatua mbili, ukakosa chini kabisa. Kisiki ambacho mwezi uliopita kilikuwa mita tatu chini ya boti, leo kiko nusu mita, kwa sababu maji ya bwawa hupanda na kushuka kulingana na mvua na mahitaji ya umeme. Hakuna mvuvi, hata awe mkongwe namna gani, anayeona chini ya maji ya kahawia.

Ongeza upepo. Asubuhi maji yanalala kama kioo. Mchana jua likishapasha ardhi, upepo unaamka, na kwenye maji marefu yaliyo wazi mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Mtumbwi mwembamba uliobeba watu wanaosimama kupiga selfi hauhitaji dhoruba kupinduka. Unahitaji tu watu watatu waegemee upande mmoja kwa wakati mmoja. Na bado sijataja mamba na viboko, ambao wamo na hawakukodishwa kwa ajili ya utalii wako.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka mwaka 2024. Mvua ya Aprili na Mei ilijaza Masinga hadi maji yakapita kiwango chake cha juu cha mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, na watu wanaoishi chini ya mabwawa wakaambiwa wahame. Mto ulifurika, barabara ikakatika Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa. Watu wangefanya nini? Kazi ziko ng'ambo, wagonjwa wako ng'ambo, soko liko ng'ambo. Wakapanda boti. Tarehe 28 Aprili boti lililojaa watu likapinduka pale. Msalaba Mwekundu ulitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi nyumbani. Ni mto uleule, maji yaleyale yaliyopita Masinga na Kiambere. Na mahali pale, siku chache kabla, palikuwa ni barabara. Wale hawakuwa wavuvi wala watalii, walikuwa abiria kama wewe stejini.

Sasa tuje kwa visingizio, kwa sababu navijua vyote.

Cha kwanza: jaketi ina joto. Kweli, ina joto. Kofia ya bodaboda pia ina joto, na hata hivyo rafiki yako aliyeanguka pale kona akiwa ameivaa bado anakutumia meme.

Cha pili: nahodha ni fundi, amekuwa majini miaka ishirini. Sawa. Boti likipinduka, huyo fundi ana mikono miwili. Nyinyi mko kumi. Piga hesabu uone wewe ni nambari ngapi kwenye foleni ya kuokolewa.

Cha tatu: jaketi ziko ndani ya boti, tutavaa mambo yakiharibika. Hiki ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinafanana na busara. Boti haliombi ruhusa kabla ya kupinduka. Kujaribu kuvaa jaketi ukiwa tayari majini ni kama kufunga mshipi wa gari wakati gari limeshabingirika.

Mimi mwenyewe kuna siku nilifika kwenye boti moja huko chini, sitataja la nani. Tulikuwa watu kumi na mmoja, jaketi zilikuwa sita, na kati ya hizo sita, mbili hazikuwa na mikanda. Zilining'inia nyuma kama mapambo ya harusi. Nikauliza, nikaambiwa nisilete ushamba. Nikashuka. Shilingi mia tatu zangu hazikurudishwa, na wenzangu walinicheka mpaka wakarudi ufuoni. Walirudi salama, ndiyo. Mtu anaweza pia kuvuka barabara kuu akiwa amefumba macho na akafika ng'ambo. Kufika kwake hakufanyi jambo hilo kuwa akili.

Cha nne ni pesa. Hapa nitatulia, kwa sababu ni hoja ya ukweli. Mvuvi anayepata samaki wa kuuza shilingi mia chache kwa siku, akinunua petroli na kurekebisha nyavu, jaketi kwake ni gharama. Huyo hahitaji kuhubiriwa, anahitaji kusaidiwa. Lakini wewe unayekodi boti kwa raha zako, umenunua nyama, umenunua soda na vingine visivyo soda, usiniambie pesa ya jaketi imekosekana. Na mwenye boti anayekutoza nauli, jaketi ni sehemu ya kazi yake kama vile breki zilivyo sehemu ya matatu.

Mimi niliacha chuo karo ilipokataa, kwa hivyo sikuji hapa na digrii. Lakini hesabu hii ni ya shule ya msingi. Mwili wa binadamu karibu unaelea wenyewe. Unachohitaji ni msaada wa kilo chache tu ili mdomo na pua vibaki juu. Jaketi iliyoandikwa 50 inasaidia kwa nguvu ya newtoni 50, kama kilo tano hivi, na imekusudiwa mtu anayejua kuogelea. Iliyoandikwa 100 inakupa kama kilo kumi, na imetengenezwa ikusaidie kulala uso ukiangalia juu. Kwa hivyo wewe usiyejua kuogelea, soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta ya 100 au zaidi, iwe saizi yako, mikanda yote ifungwe. Mtu akikushika mabegani akaivuta juu na ikakuteleza hadi masikioni, hiyo haijafungwa. Mtoto apewe ya mtoto. Kumvisha ya babake ni kumdanganya, atatokea chini kama ndizi inayotoka kwenye ganda.

Kwa sheria hatuna upungufu. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, licha ya jina lake, inahusika pia na vyombo vidogo vya maziwa na mito. Uvuvi nao uko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, na ufuoni kuna vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, vile vya BMU. Tunachokosa ni mtu wa kusimama ufuoni saa tano asubuhi na kusema: boti hili haliondoki.

Na msiniambie Wakenya hatubadiliki. Waulize wazazi wenu matatu zilivyokuwa kabla ya Februari 2004. Watu walining'inia milangoni, wengine walisimama wameinama kutoka Meru mpaka Nairobi. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, akasema kila abiria awe na kiti na mshipi, na kila gari liwe na kidhibiti mwendo. Watu walilalamika, magari yakagoma, wengine wakatembea kwa miguu. Baada ya muda abiria wenyewe wakaanza kumuuliza kondakta, "Mbona umebeba zaidi?" Leo tumelegea, najua. Lakini ilionyesha kitu kimoja: sheria inaanza kuishi siku abiria anapoichukua na kuifanya yake.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na nayadai kwa sauti.

Kwa serikali za kaunti za Embu, Machakos na Kitui: mnagawa nyavu na boti za uvuvi mkipigwa picha. Vizuri. Msigawe boti hata moja bila jaketi za idadi ya watu wanaobebwa. Wekeni mpango wa mvuvi kulipia jaketi kidogo kidogo kupitia kikundi chake, kama tunavyolipia pikipiki.

Kwa vikundi vya wavuvi: wekeni kanuni yenu wenyewe. Asiyevaa haondoki ufuoni, awe mzee wa kikundi au mpwa wa mzee wa kikundi. Aliyelewa pia haondoki, awe nahodha au abiria. Maji na pombe havijawahi kuelewana.

Kwa wafanyabiashara wa samaki wa Mitunguu na Nkubu: nyinyi mna nguvu ambayo hamjaitumia. Mnunuzi ndiye anayesikizwa. Siku mkifika ufuoni mkasema mnaanza kununua kwa wale wanaovaa jaketi, mtashangaa zitakavyotokea.

Na kwako wewe msomaji: hesabu kabla ya kupanda. Watu wangapi, jaketi ngapi. Zikipungua hata moja, shuka, na uwaambie wengine kwa nini unashuka. Usiogope kuitwa mshamba.

Kuna jambo moja la mwisho la kujua, kwa sababu linaua watu wawili badala ya mmoja. Ukimwona mtu anazama, usiruke. Anayezama hushika chochote, na akikushika wewe mtaenda wote. Mfikishie kitu: tawi, kasia, shuka iliyokunjwa. Kama yuko mbali, mrushie kitu kinachoelea. Ule mtungi wa manjano wa lita tano ulio nyumbani kwenu, ukifungwa kifuniko vizuri bila maji ndani, unabeba karibu kilo tano, na wa lita ishirini unabeba karibu ishirini. Ufunge kamba ndefu shingoni, uweke ndani ya boti na mwingine ufuoni. Hauchukui nafasi ya jaketi, lakini unaweza kumweka mtu hai mpaka msaada ufike. Wenye vidimbwi vya samaki hapa kwetu, vile vilivyochimbwa kwa wingi tangu mpango wa serikali wa 2009, wekeni huo mtungi na kamba, na zungushieni ua. Mtoto hahitaji Masinga ili azame.

Tunapenda kusema maji hayana mazoea. Babu zetu waliokaa kando ya Tana walilijua hilo na bado waliingia majini, kwa sababu chakula kilikuwa humo. Sisi pia tutaingia. Vueni, tembeeni, pigeni picha hadi simu ijae. Ila ile picha ya kwanza, kabla boti halijaondoka, nataka nione kila mtu amevaa jaketi na mikanda imefungwa. Kama kuna hata mmoja asiyevaa, mwambieni nahodha azime injini.