Kosa ni la Nani?

Juma lililopita nilikuwa nangoja basi pamoja na mama mmoja wa kijiji cha jirani. Akaniuliza, "Mwalimu, nieleze wewe uliyesoma. Binti yangu ni muuguzi, ana cheti chake. Sasa hospitali yake imempeleka masomoni siku kadha, na aliporudi ananiambia wamefundishwa kupanga kabati na kuuliza 'kwa nini'. Kupanga kabati nilimfundisha mimi, tena bure!"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini swali lake si la kuchekwa. Wengi wenu mna watoto waliokwenda kufanya kazi viwandani, hospitalini na maofisini, nanyi huwasikia wakitaja masomo ya namna hiyo. Wengine huyaita masomo ya ubora, wengine ya kuboresha kazi, na wengine hutumia neno la Kijapani, kaizen, yaani kutengeneza jambo liwe jema zaidi, kidogo kidogo. Je, yana maana, au ni njia tu ya watu wa mjini kugawiana vyeti? Nitajibu, lakini kwanza yanipasa kuungama jambo langu mwenyewe.

Miaka zaidi ya thelathini iliyopita nilikuwa karani wa chama kimoja cha kahawa. Wakulima walileta kahawa mbivu, tukaimenya kwa mashine, tukaivundika katika mabirika, tukaiosha na kuianika. Msimu mmoja kahawa yetu iliwekwa daraja la chini mara tatu mfululizo, maana waonjaji walisema ina harufu ya uvundo. Halmashauri ikanijia juu. Nami nikamjia juu mwoshaji, mtu mzima mwenye watoto watano, kwa kuwa ndiye aliyesimama penye mabirika kila siku. Nikamwita mvivu na mchafu mbele ya watu. Alianza kusema neno juu ya lori, nikamkatiza. Mwisho wa mwezi tukamwondoa kazini, tukamwajiri kijana mwenye nguvu. Na kahawa ya yule kijana? Ikanuka vile vile.

Sasa sikilizeni habari za mchezo wa shanga.

Palikuwa na Mmarekani aliyeitwa William Edwards Deming, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufa 1993. Hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa mtaalamu wa takwimu, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika ofisi ya serikali yao inayohesabu watu. Uzeeni alikuwa akiwafundisha mabwana wakubwa wa makampuni, masomo ya siku nne, na katika masomo hayo alileta chombo kilichojaa shanga. Katika kila shanga tano, nne zilikuwa nyeupe na moja nyekundu. Aliwaita watu sita waje mbele, wawe wafanya kazi wake. Kazi yao ilikuwa kutumbukiza kibao chenye vishimo 50 na kutoa shanga 50. Nyeupe ni kazi njema, nyekundu ni kazi mbovu. Yeye Deming akajifanya msimamizi mkali.

Mtu wa kwanza akatoa, tuseme, nyekundu sita. Akasifiwa sana. Wa pili akatoa kumi na nne, akakemewa mbele ya wote. Duru ya pili, ambayo waliihesabu kuwa siku ya pili, yule aliyesifiwa akatoa kumi na mbili: "Sifa zimemlevya!" Yule aliyekemewa akatoa tisa: "Mwaona? Ukali umemsaidia!" Siku ya tatu ilipokwisha, walio wabaya kuliko wote wakafukuzwa, wakabaki watatu hodari wafanye kazi zamu mbili. Na shanga nyekundu zikaendelea kutoka vile vile, kwa kuwa zilikuwamo chomboni tangu mwanzo. Watu walikuwa wakicheka hata machozi, kisha wakanyamaza, kwa maana kila mmoja alikumbuka mtu fulani aliyemfukuza.

Mwaweza kuujaribu nyumbani leo jioni. Changanyeni punje 400 za maharagwe meupe na 100 mekundu katika sufuria. Kila mtoto afumbe macho, achote hamsini, ahesabu zilizo nyekundu, nanyi mwandike. Msifuni wa kwanza, mkemeeni wa mwisho, halafu mrudie. Nadhani watoto watafahamu upesi kuliko baba zao.

Deming alikisia kwamba katika matatizo mia ya kazi, 94 hivi hutokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, na sita tu na jambo la pekee, kama mashine iliyovunjika au mtu aliyefanya lisilo la kawaida. Hayo ni makisio yake kwa mambo aliyoyaona. Wala mtu asiseme kwamba mimi nafundisha kuwa hakuna wavivu duniani. Wapo, nawafahamu kwa majina. Shida ni kumtambua mvivu kweli na kumtenga na mtu aliyechota tu kutoka chombo kibaya.

Hapo ndipo masomo yenyewe yanapoanza, na msingi wake aliuweka rafiki wa Deming, Bwana Walter Shewhart, mwaka 1924, alipokuwa akishughulikia ubora wa vyombo vya simu huko Marekani. Nitauleza kwa mfano wa kisima. Binti yako huenda kuteka maji na kurudi kwa muda wa nusu saa. Siku moja dakika 27, siku nyingine 34, kwa sababu ya foleni, ya jua, ya ndoo. Tofauti hizo ni tabia ya safari yenyewe. Ukimpiga kwa dakika 34 wampiga bure, na akija na 27 kesho si kwa sababu ya fimbo. Ukitaka safari iwe fupi, chimba kisima karibu. Lakini siku akikaa saa mbili, hilo ni jambo jingine: mwulize siku ile ile kimetokea nini. Shewhart alionyesha namna ya kuandika hesabu za kila siku katika karatasi na kuchora mistari miwili, wa juu na wa chini, ili mtu aone kwa macho yake siku ipi ni ya kawaida na ipi si ya kawaida. Watoto wenu wanaporudi na makaratasi yenye mistari, ndiyo hayo.

Mwaka 1950 chama cha wanasayansi na wahandisi wa Japani kilimwita Deming akafundishe. Nchi ile ilikuwa imeshindwa vitani, na bidhaa zake zilijulikana kuwa rahisi na hafifu. Mwezi wa Julai alifundisha mjini Tokyo kwa siku nane. Lakini hakuridhika kuwafundisha wahandisi peke yao. Alikutana na wakuu wa viwanda wenyewe, kwa kuwa alijua kwamba fundi hana uwezo wa kubadili chombo cha shanga. Mwenye uwezo ni bwana mkubwa. Fedha za kitabu cha mafundisho yake hakuzichukua, nao Wajapani wakazitumia kuanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951. Kisha wakazidisha kwa akili zao wenyewe. Tangu 1962 Bwana Kaoru Ishikawa na wenzake waliwahimiza wafanya kazi wa chini wakae katika vikundi vidogo, wasome pamoja na kutafuta sababu za makosa ya kazi yao. Na huko Toyota Bwana Taiichi Ohno aliwazoeza watu kuuliza "kwa nini" mara tano, wasiridhike na jibu la kwanza.

Basi mimi, nilipoyasoma hayo miaka mingi baadaye, niliketi nikaiuliza ile kahawa. Kwa nini ilinuka? Kwa kuwa ilianza kuchacha kabla ya kumenywa. Kwa nini? Kwa kuwa ilikaa katika magunia juani mchana kutwa. Kwa nini? Kwa kuwa lori lilifika vituo vya mbali jioni, na nyingine ililala humo hata asubuhi. Kwa nini? Kwa kuwa asubuhi lori lilikodishwa kubeba mchanga. Kwa nini? Kwa kuwa halmashauri ilitaka fedha kidogo za mchanga, na hakuna aliyezilinganisha na hasara ya kahawa. Na aliyeuandika mpango ule wa lori, akatia sahihi, ni karani. Ni mimi.

Nirudi kwa yule mama na kabati lake. Tangu 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiana na Wajapani, imeleta njia hizi katika hospitali zetu, na ile ya rufaa ya Mbeya ilikuwa katika zile za kwanza. Huanza na maneno matano, yote ya herufi S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani, toa visivyotumika, weka kila kitu mahali pake, safisha, fanyeni wote kwa namna moja, na msirudi nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kabatini. Mama, fikiri usiku wa manane mzazi anatokwa damu, na muuguzi anafungua droo ya tatu akitafuta sindano. Dakika zile si za kuchezea. Na asipoiona kwa wakati, kesho yake atakayeitwa mzembe ni nani? Binti yako.

Ila nina shaka moja. Wanaopelekwa masomoni mara nyingi ni vijana, na wakubwa hubaki ofisini. Kijana hurudi na "kwa nini" zake, mkubwa huona ni ujeuri, na cheti hutundikwa ukutani. Mimi ningewapeleka wakubwa kwanza.

Yule mwoshaji sasa ni mzee. Nilimwendea mwaka jana, nikamweleza habari za lori na sahihi yangu, nikamwomba radhi. Alinikaribisha uji. Akasema, "Mwalimu, la lori nilikuambia siku ile ile." Kisha akamwita mjukuu wake alete kiti kingine, tukakaa hata jioni.