Kamioneti ya marehemu baba isipelekwe kwenye mizani

Wanafunzi wenzangu, ninataka kutetea jambo ambalo jamaa zangu wengi wanaliona ni kupoteza fedha: kutengeneza kamioneti ya mazutu aliyotuachia marehemu baba. Ni Toyota Hilux yenye moteri ya 2L, silinda 4, lita 2.4. Kwa miaka mingi ilibeba samaki kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, hadi masoko ya Lubumbashi. Tangu msiba imesimama uani. Baba mdogo anasema tuwaite wanunuzi wa vyuma chakavu, waipime kwa kilo, na fedha zilipe masomo ya wadogo zangu.

Hoja yake ni nzito. Pine, batri na filtre hazitolewi bure, na gari lililosimama halisomeshi mtoto. Lakini chuma hulipwa mara moja tu. Kamioneti inayotembea inaweza kulipa masomo mwaka huu na mwaka ujao. Kwa hiyo ninapendekeza jambo moja: tuikague kwanza. Shasi ikiwa imeliwa na kutu hadi kukatika, nami nitakubali iuzwe. Ikiwa ni nzima, tuitengeneze.

Kukagua moteri ya namna hii hakuhitaji kompyuta. Rudolf Diesel alipata hataza yake Ujerumani mwaka 1893, na moteri yake ikafanya kazi vizuri mwaka 1897. Kanuni ni ileile mpaka leo. Hewa inabanwa, kwa moteri yetu zaidi ya mara 20, inapata joto kali, na mazutu yakirushwa ndani yanawaka yenyewe bila cheche. Bugi zake ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha. Ndiyo maana fundi anaweza kusoma ugonjwa kwenye moshi. Moshi mweusi: mazutu ni mengi au hewa ni kidogo, pengine filtre imeziba. Moshi wa bluu: mafuta ya moteri yanaungua. Moshi mweupe usiokoma: mazutu hayaungui vizuri, au maji yanaingia ndani na kulasi imepasuka.

Haya sikuyasoma kitabuni. Nimeyasikia kwa mzee aliyeihudumia kamioneti yetu tangu baba alipoinunua, ambaye nyumbani tunamwita Papa Fundi. Aliniambia: «Mtoto wangu, usinunue kitu bado. Tumwage mazutu ya zamani, tusafishe tanki, tubadilishe filtre, halafu tutoe hewa kwenye pompu. Pompu ikiwa na hewa, hata ukisukuma gari mpaka Kipushi haitawaka.» Akaongeza kwamba ule mkanda unaopatanisha mwendo wa pistoni na wa valvu lazima ubadilishwe kabla ya safari yoyote, kwa sababu ukikatika, pistoni zinaweza kuzigonga valvu na moteri yote ikaharibika.

Sasa nawageukia ninyi wa fakulte ya lugha. Mara ngapi tumesikia kwamba Kiswahili chetu hakiwezi kueleza ufundi? Mzee huyu ameeleza pompu, kulasi na moshi mchana mzima kwa Kiswahili, na mwanafunzi wake wa miaka kumi na tano alielewa na kufungua bolo aliyotakiwa kufungua. Mtu atasema: «Lakini kulasi na pompu ni Kifaransa.» Asili yake ndiyo. Meza ni ya Kireno na kitabu ni cha Kiarabu, na hakuna anayetuambia tuvirudishe. Neno likishaingia katika sentensi yetu, likafuata viambishi vyetu na kufanya kazi mikononi mwa watu wetu, ni letu.

Shida ni kwamba hatuyaandiki. Baba alijua kila sauti ya moteri ile, na alijua ni kilima gani cha njia ya Kasenga kinahitaji vitesi ya pili. Amezikwa na ujuzi huo. Papa Fundi naye amezeeka. Akiondoka, tutabaki na vitabu vya Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, ambavyo wanafunzi wake hawawezi kuvisoma.

Mji huu una mfano mzuri. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitunga historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha wafanyakazi. Hakungoja neno lake lipate ruhusa ya kamusi. Leo maandishi yake yanasomwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Basi ninapendekeza kazi zetu za mwisho wa masomo zitoke darasani, ziende Kenya, Katuba na Kamalondo, kwenye magaraji. Kila mwanafunzi aandike maneno thelathini ya fundi mmoja, pamoja na sentensi alizoyatumia, jinsi alivyoyatamka, na kazi aliyokuwa akifanya. Mimi nitaanza na kamioneti yetu, kwa sababu baba mdogo ametupa mpaka mwisho wa kiangazi. Anayetaka kuja aje na daftari na nguo za kuchafuka. Papa Fundi huanza kazi saa moja asubuhi, na hapendi kurudia maelezo kwa mtu aliyechelewa.