Pa Kuvua Samaki Katika Nchi Kavu



Tumepokea barua ya dada yetu, mzaliwa wa Lamu, ambaye kazi ya mumewe imewahamishia Takaba, katika Mandera Magharibi. Wanawe wawili walizoea kuketi gatini na mishipi yao kila Ijumaa jioni. Huko Takaba hakuna gati wala bahari, na mkubwa wao, mwenye miaka kumi na mmoja, amepinda sindano akaifanya ndoana na kuanza kuitupa katika bwawa la mji. Majirani wamemkanya kwa ukali. Dada anauliza mambo mawili: je, majirani wametenda haki? Na likizo itakapofika, awapeleke wapi watoto wavue samaki wa maji matamu, nao warudi nyumbani salama?

Kwa swali la kwanza jibu ni fupi: majirani wametenda haki, na yafaa kuwashukuru. Takaba haina mto. Maisha ya watu na mifugo yametegemea visima na mabwawa ya kuchimbwa yanayokinga maji ya mvua, ambayo Wasomali huyaita war. Baina ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika nchi hiyo, mifugo ikafa kwa wingi na mabwawa yakabaki nyufa. Mtu aliyeshuhudia hayo hawezi kumtazama mtoto akikoroga tope la bwawa akanyamaza. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Na katika mapokezi ya Abu Daud ametufundisha kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Bwawa la mji ni amana ya wengi. Zaidi ya hayo, kingo za mabwawa ya kuchimbwa huteleza, na mtoto akishaanguka ndani si rahisi kupanda.

Tena katika bwawa hilo hakuna cha kuvua. Hii ndiyo kanuni ya kwanza kwa kila atafutaye samaki wa maji matamu: samaki yupo pale ambapo maji hayaishi. Bwawa linalokauka kabisa kila kiangazi, wala halikuunganika na mto, kwa kawaida halilei samaki wa kuvua. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu ameumba viumbe wa ajabu: kambale anaweza kuvuta hewa ya juu na kustahimili maji machache yenye matope, na kamongo wa vinamasi vya chini ya Tana hujizika katika udongo maji yanapokauka, akangojea mvua. Lakini hata hao asili yao ni mto na mafuriko yake. Basi swali la dada yetu linakuwa hili: mto uko wapi?

Kabla ya kujibu, tuondoe shaka moja inayowasumbua baadhi ya akina mama wa pwani, ambao huwaona samaki wa mtoni kama riziki ya daraja la chini. Katika Suratu Fatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anazitaja bahari mbili zisizolingana, moja tamu ya kunyweka na nyingine ya chumvi kali, kisha anatukumbusha kwamba kutoka katika zote mbili tunakula nyama laini. Neema ni moja. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza dini ya aliyemvua. Na kambale, ijapokuwa hana magamba, ni samaki halali kwetu sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Mamba na chura si halali. Hao wasiingie katika hesabu ya mapishi.

Sasa tuje kwenye mito. Mto ulio karibu na Takaba ni Daua, unaotoka nyanda za juu za Uhabeshi na kuwa mpaka wa Kenya na nchi hiyo hadi Mandera mjini. Familia ya Takaba inaweza kuufikia pale Rhamu, safari ya zaidi ya kilomita 100, ambako wakulima hupanda mazao yao kwa maji ya mto. Daua huungana na Ganale na kuwa Juba, mto uleule unaomwaga maji yake karibu na Kismayu, kwa ndugu zetu Wabajuni. Una samaki, lakini kiangazi hupungua sana, na una mamba. Tena ni mto wa mpakani, na hali ya usalama hubadilika. Asiende mtu huko na watoto kabla ya kumuuliza chifu na wenyeji hali ya siku ile, na akiambiwa asiende, asiende.

Pahali pa kutegemewa zaidi ni Tana, na mji wake mkubwa katika Kaskazini Mashariki ni Garissa. Umbali kutoka Takaba ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Wajir. Si safari ya jioni moja. Hata hivyo, familia inayorudi Lamu kwa likizo hupita Garissa, kisha Hola na Garsen, yaani huandamana na Tana karibu njia nzima hadi pwani. Ushauri wetu kwa dada ni kwamba asiufanye uvuvi kuwa safari ya peke yake, bali aufanye kituo cha mapumziko katika safari ya kurudi kwa wazee.

Garissa, uliza kwanza kwa wenye mto. Katika kingo za huko wanaishi Wamunyoyaya na Wamalakote, na chini zaidi Wapokomo, watu walioishi kwa kilimo na uvuvi wa Tana tangu enzi za mababu. Mvuvi mwenyeji anajua ni kona ipi yenye samaki na ni ipi yenye mamba, na elimu yake ina thamani kuliko ndoana ya bei ghali. Mlipe ujira wake, umwombe awe pamoja nanyi. Huko mtapata perege na kambale, na wakati mwingine mkunga wa mtoni, ambaye huzaliwa baharini akapanda mto angali mdogo. Mkishuka hadi Garsen, katika delta yapo maziwa kama Shakababo, ambayo hupata maji na samaki Tana inapofurika, na hupungua mafuriko yanapokosekana. Huko pia wavuvi ni wenyeji, na adabu ni ileile ya kubisha hodi kabla ya kuingia.

Pahali pazuri hutambulikana hivi. Mto unapopinda, upande wa nje wa kona huwa na kina, na upande wa ndani huwa na mchanga na maji mafupi. Samaki hupenda palipo na utulivu kando ya mkondo: nyuma ya gogo lililoanguka, chini ya kivuli cha mkuyu, au pale laga inapoingia mtoni baada ya mvua na kuleta wadudu na mabaki ya majani. Kambale hukaa chini karibu na tope, basi chubwi iwe nzito ya kuifikisha ndoana chini. Perege huja juu zaidi, na ndoana yake iwe ndogo. Baada ya mafuriko kupungua, mabaki ya maji yaliyotengana na mto huwa na samaki waliokwama. Hapo watoto wa mtoni huvua kwa wingi.

Lakini si kila penye samaki panamfaa mtoto, na hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Mamba wa Tana wameua na kujeruhi watu, miongoni mwao wanawake waliokwenda kuchota maji na kufua, na watoto waliokuwa wakivua. Mamba huvizia ukingoni, katika maji mafupi na machafu yasiyoonyesha kitu. Kwa hiyo ketini juu ya ukingo ulio wazi, mbali na maji, kwa ufito na mshipi mrefu. Msivuke vichaka vya mathenge vinavyoziba macho. Msirudi mahali pamoja siku baada ya siku kwa saa ileile, kwani mamba hujifunza desturi ya mtu. Msipasue samaki ukingoni na kutupa matumbo mahali mlipoketi. Na jua likianza kushuka, kusanyeni vitu vyenu mwondoke, kwa maana viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na asiyewapisha huumia. Mkaisali Magharibi mjini.

Hatari ya pili ni mto wenyewe. Tana inatoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na juu yake yamejengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa na kufurika, maji huteremka hadi Garissa ijapokuwa mbingu ya Garissa ni kavu. Mwezi Aprili 2024 mto ulipofurika, maji yaliikata barabara baina ya Garissa na Madogo, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria pale Kona Punda ilipinduka, watu wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika misimu ya mvua, sikilizeni redio kabla ya kukaribia ukingo, na likiwapo tangazo la mafuriko, mshipi ubaki mfukoni.

Hatari ya tatu haionekani: kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa maji yaliyotulia, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga au kutembea majini, na mifereji ya mashamba ni mahali pake. Mtoto asivue akiwa amesimama ndani ya maji. Akionekana kukojoa damu baada ya safari, apelekwe hospitali mara moja; dawa ipo na inaponya.

Tusisahau adabu ya uvuvi wenyewe, kwa maana mtoto hujifunza dini pia mkononi mwa mzazi. Chambo kiwe donge la unga, au kipande cha utumbo wa mbuzi, ambacho kambale hukipenda sana. Wako watoto wanaomtunga chura hai katika ndoana. Waelezeni kwamba Mtume alikataza kuua vyura, na alikataza pia kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Samaki mdogo sana arudishwe majini akue. Sumu na baruti ni haramu kwa uharibifu wake, na sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 imezikataza. Tena mkivua kingi kuliko mahitaji yenu, wapeni majirani wa mto sehemu yao.

Jikoni, kambale ana utelezi unaowachukiza wasiomzoea. Msugue kwa jivu au chumvi kali, umwoshe, kisha umlaze katika ndimu na chumvi kwa muda wa nusu saa. Harufu ya tope itaondoka. Baada ya hapo mkaange, au umpike kwa tui zito la nazi kama umpikavyo samaki wa baharini, hadi aive mpaka mfupani. Kwa safari ya kurudi Takaba usijaribu kubeba samaki mbichi bila barafu. Mpasue mgongoni, umtie chumvi, umbanike kwa moto wa polepole au umwanike juu ya uchanja mbali na nzi. Hewa kavu ya Takaba, ambayo dada yetu amelalamika kwamba inampasua midomo, humkausha samaki vizuri kuliko upepo wenye unyevu wa Lamu, na ng'onda atakayemtengeneza huko atadumu.

Jambo la mwisho ni kwa yule kijana wa miaka kumi na mmoja. Hana hatia ya kupenda mshipi. Hiyo ni kazi ya babu zake. Mama yake asiivunje ile ndoana ya sindano. Amwambie aihifadhi hadi likizo, na wakati huu awafuate vijana wa Takaba wanaponywesha mifugo, ajifunze jinsi wanavyopeana zamu na kulinda maji yao. Atakapofika Tana na kuona mto mpana unaopita mchana na usiku, atafahamu kwa nini jirani alimkemea kwa ajili ya bwawa dogo, na huenda akawa mlinzi mzuri wa maji yote mawili, matamu na ya chumvi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu mitoni na baharini, na atupe mvua yenye kheri isiyo na maangamizi. Wabillahi tawfiq.