Kipakatalishi Bila Ufunguo Wake

Mtu akikukabidhi nyumba kisha akaondoka na ufunguo, huwezi kusema amekupa nyumba. Ndivyo ninavyoziona baadhi ya tarakilishi kuukuu ambazo shule zetu hupokea kutoka ng'ambo kwa hotuba na makofi, hususan vipakatalishi vya Chromebook vilivyoanza kuuzwa mwaka wa 2011 na kupendwa mno na shule za Marekani.

Upekee wavyo hauonekani kwa macho. Kila tarakilishi ina programu ndogo iliyotiwa ndani ya chipu, ambayo huamka kwanza na kisha kuuamsha mfumo endeshi. Katika tarakilishi nyingi, programu hiyo itakuruhusu kuchomeka kidude cha USB chenye Linux na kuuweka mfumo huo bila udhia mkubwa. Ile ya Chromebook, iliyojengwa juu ya mradi huria wa coreboot ulioanzishwa mwaka wa 1999, hukagua sahihi ya mfumo unaotaka kuwaka. Isipoiona sahihi ya Google, hukataa.

Sina ugomvi na kufuli hilo, maadamu mashine inayoshikwa na watoto wengi yahitaji ulinzi. Taabu ni kwamba ulinzi wenyewe una kikomo. Mwaka wa 2023 Google ilitangaza kwamba itatoa masasisho kwa miaka 10, ila miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ya mashine ilipotolewa, wala si tangu siku mwalimu mkuu alipoipokea. Inayotufikia ikiwa na umri wa miaka minane imekwisha kukaribia ukingoni, ingawa kioo na vitufe vyake ni vizima. Dawa yake ni Linux.

Dawa hiyo ina masharti. Kwanza sharti mashine itiwe katika hali ya wasanidi programu, jambo ambalo hufuta kila kilichomo. Baada ya hapo, katika mashine za zamani, kila inapowashwa hutokea ukurasa mweupe unaoonya kwamba ukaguzi umezimwa na kumwalika mtumiaji abonyeze kitufe kirefu cha nafasi ili kuurudisha. Mwanafunzi mtiifu akiuitikia mwaliko huo na kuthibitisha, kazi ya muhula mzima hutoweka.

Kuuondoa ukurasa huo ni kuibadilisha programu ya chipu yenyewe, nayo chipu imezuiwa isiandikwe. Niliwahi kuketi na kijana wa kidato cha pili, bisibisi mkononi, tukakuta kwamba kizuizi chote kilikuwa skrubu moja ndogo juu ya ubao mkuu. Alicheka sana! Katika aina nyingi za baadaye hakuna skrubu. Betri ndiyo huchomolewa, na mashine ikabaki kutegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, chipu huharibika na mashine haiwaki tena. Katika nchi ambamo stima huondoka bila kuaga, anayejaribu kazi hii bila kwanza kuhifadhi nakala ya programu ya awali anacheza kamari na mali ya shule.

Hata hivyo, lipo kufuli ambalo aghalabu halifunguki kwa ustadi huo. Shule iliyoimiliki mashine hapo awali ikiwa iliisajili katika orodha yake na haikuiondoa, mashine itadai kurejeshwa kwa mwenyewe kila inapofutwa, na ile hali ya wasanidi huwa imefungwa. Anayeweza kuiondoa ni msimamizi wa shule hiyo ya mbali, naye kwake ni kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo, walimu wakuu na waulize mambo mawili kabla shehena haijapakiwa melini: masasisho yatakoma lini, na je, kila mashine imeondolewa katika sajili? Natambua kwamba wengi huona haya kumhoji mfadhili. Lakini ikiwa jibu la swali la pili ni hapana, shehena hiyo isipokelewe hadi mashine zote ziondolewe sajilini.