Nairobi Dam: Maji taka kwanza, mashua baadaye

Mwambie kijana wa Lang'ata leo kwamba watu waliwahi kuendesha mashua za matanga pale Nairobi Dam, atakucheka. Lakini ni ukweli. Bwawa hilo lilijengwa 1953 kuwa akiba ya maji ya jiji, na baadaye wikendi watu walienda pale kuvua samaki na kupunga upepo.

Sasa pita uone. Gugumaji limefunika kila kitu, tope limejaa, na palipokuwa na maji watu wamelima. Mto Motoine unashusha taka na maji ya choo, halafu lawama zote anatupiwa mkazi wa Kibra, kana kwamba ni yeye aliyekataa kuwekewa mabomba ya maji taka.

Kila mara tunasikia bwawa litafufuliwa. Viongozi wanavaa glavu, wanang'oa gugu, wanapigwa picha, wanaenda. Gugu linarudi, kwa sababu chakula chake ni yale maji machafu, na hayo hakuna aliyeyazuia.

Wasee, bwawa la udongo halitunzwi kwa siku moja. Tuta lake linataka nyasi fupi, si miti, maana mzizi ukioza unaachia maji njia. Mashimo ya panya na fuko lazima yazibwe. Njia ya kutolea maji ya ziada isizibwe na chupa za plastiki, kwani maji yakipita juu ya tuta la udongo, yanalimega haraka sana.

Hizi si hadithi. Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Na maji ya Nairobi Dam yakitoka yanaingia Mto Ngong, unaopita Mukuru, mtaa ambao mafuriko ya 2024 yaliutesa vibaya.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Mabomba ya maji taka yaje kwanza. Mhandisi akague tuta kabla ya kila msimu wa mvua, na ripoti iwekwe wazi tuisome. Tatu, vijana wa Kibra na Lang'ata waajiriwe kulitunza mwaka mzima, si kibarua cha wiki mbili halafu kwaheri.

Mashua tunazitaka, tena sana. Lakini anayekuahidi mashua bila kutaja tuta na choo, huyo anatafuta kura yako tu.